Scanners (1981): maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu, kichwa kilichopasuka na namna ya kupiga picha nguvu za akili

Ukurasa huu una mambo mawili. Kwanza ni majibu kwa watazamaji wa Scanners, filamu ya Kanada iliyoandikwa na kuongozwa na David Cronenberg. Pili ni majibu kwa wale wanaotaka kutengeneza maonyesho ya aina hiyo kwa mfuko mdogo. Swali linalofichua mwisho wa hadithi limewekewa onyo.

Filamu hii inahusu nini?

Cameron Vale hana makazi. Anashinda kwenye jengo la maduka akila mabaki ya chakula mezani. Mwanamke mmoja anamsema vibaya kwa mwenzake. Cameron, bila kukusudia, anapenya akilini mwake, na mwanamke yule anaanguka akitetemeka mwili mzima. Wanaume wawili wanamkimbiza, wanamlenga kishale cha dawa ya usingizi, na anapozinduka yuko mbele ya Dkt. Paul Ruth, mwanasayansi wa ConSec, kampuni ya silaha na ulinzi. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba zile sauti zinazomtesa kichwani ni mawazo ya watu wengine, na kwamba yeye ni skana.

Kuna skana mwingine, Darryl Revok, anayewakusanya wenzake kwa siri na kuwaua wanaokataa kumfuata. ConSec inamtuma Cameron akamtafute. Filamu ina urefu wa dakika 103.

Skana anaweza kufanya nini, na nini hawezi?

Anaunganisha mfumo wake wa neva na wa mtu mwingine. Kusoma mawazo ni hatua ya kwanza tu. Akizidisha anaweza kupandisha mapigo ya moyo ya mwenzake, kuuongoza mkono wa mtu ajipige risasi mwenyewe, kuwasha moto, na hata kupasua mwili. Baadaye Cameron anaingia kwenye kompyuta ya ConSec kupitia simu ya barabarani, kwa hoja kwamba kompyuta nayo ina mfumo wa neva.

Asichoweza ni kufunga mlango. Skana asiye na dawa wala mazoezi husikia kila mtu aliye karibu, mchana na usiku. Ndiyo maana tunaonyeshwa picha za zamani za Revok hospitalini akiwa amejitoboa paji la uso ili shinikizo litoke, na mchongaji sanamu Benjamin Pierce anaishi peke yake na sanamu zake. Filamu nyingi za nguvu za akili huuliza mwenye nguvu atafanya nini nazo. Hii inauliza nguvu zinamfanya nini mwenyewe, na ndiyo sababu bado inatazamwa.

Ephemerol ni dawa ya kweli?

Hapana, imebuniwa kwa ajili ya hadithi. Katika filamu inazuia sauti kwa muda, na baadaye tunajua ilianza kama dawa ya kutuliza waliyopewa wajawazito. Mtazamaji wa Kanada wa 1981 hakuhitaji kuelezwa zaidi. Dawa ya thalidomide iliuzwa sehemu nyingi duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wajawazito waliinywa kwa kichefuchefu na kukosa usingizi, na maelfu ya watoto walizaliwa na viungo visivyokamilika. Kanada iliiondoa sokoni mwaka 1962, baada ya Ujerumani na Uingereza kuwa tayari zimefanya hivyo mwishoni mwa 1961. Cronenberg alibadilisha madhara tu: badala ya mikono na miguu, dawa inagusa ubongo.

Mbona hadithi inarukaruka, hasa katikati?

Kwa sababu muswada wa filamu haukuwa umekamilika kamera zilipoanza kuzunguka. Katika miaka ya 1970 Kanada iliwaruhusu wawekezaji kukata asilimia 100 ya fedha walizoweka kwenye filamu ya Kanada kutoka katika kipato kinachotozwa kodi. Fedha zilimiminika kuelekea mwisho wa mwaka, na filamu ilipaswa ipigwe kabla mwaka haujafungwa. Scanners ilipata maandalizi ya wiki kama mbili hivi, ikapigwa Montreal na viunga vyake mwishoni mwa 1979, huku Cronenberg akiandika maonyesho mengine asubuhi ya siku ileile ya kuyapiga.

Ukilijua hilo, mapengo yanaeleweka. Watu wanatokea, wanasema jambo moja muhimu, wanauawa. Kim Obrist, mhusika mkuu wa kike, hapewi nafasi ya kutosha, na hilo ni kasoro ya kweli isiyofaa kutetewa.

Stephen Lack anaigiza vibaya, au ni makusudi?

Wanaouliza hivi huwa wamechoshwa na sauti yake bapa. Lack, anayeigiza Cameron, ni msanii wa Montreal anayejulikana zaidi kwa uchoraji, na mazungumzo marefu yanamlemea kweli. Lakini Cameron ni mtu ambaye hajawahi kuwa na ukimya kichwani mwake, hivyo hakupata nafasi ya kujenga nafsi. Macho yale yaliyopotea yanaendana na mhusika. Pale asiposema kitu, ni mzuri. Tatizo linaonekana zaidi kwa kuwa anasimamishwa mbele ya Michael Ironside, ambaye kama Revok anaijaza fremu kwa kukunja midomo tu.

Nani wengine walihusika?

Patrick McGoohan ni Dkt. Ruth, Jennifer O'Neill ni Kim, Lawrence Dane ni Braedon Keller, mkuu wa usalama wa ConSec. Muziki ni wa Howard Shore, kamera Mark Irwin, uhariri Ronald Sanders. Upande wa madoido ya mwili kulikuwa na Gary Zeller, Chris Walas na Stephan Dupuis, na Dick Smith kama mshauri, yule aliyefanya vipodozi vya The Exorcist (1973). Walas na Dupuis walikuja kupata Oscar ya vipodozi kwa The Fly (1986), pia ya Cronenberg.

Kile kichwa kilipasuliwaje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Skana wa ConSec, anayeigizwa na Louis Del Grande, ameketi mezani mbele ya wageni. Anawaonya kwamba kuskaniwa kunaumiza, kunaweza kuleta damu puani, maumivu ya masikio na kichefuchefu, kisha anaomba mtu ajitolee. Anayejitokeza ni Revok, na kichwa kinachopasuka ni cha yule skana wa ConSec.

Sanamu iliyotumika badala ya mwigizaji ilikuwa na fuvu la plasta lililovikwa ngozi ya jelatini. Ndani waliweka vipande vya mpira wa lateksi, nta, mabaki ya baga na vitu vyenye nyuzinyuzi ambavyo vingeruka vizuri hewani. Walijaribu baruti na hawakuridhika. Baruti huacha mwako na moshi, na hapa mtazamaji anapaswa kuamini kwamba shinikizo limetoka ndani. Mwishowe Zeller aliwaambia mafundi wawashe kamera, waingie kwenye magari na kufunga milango na madirisha, akalala nyuma ya sanamu na kulipiga kisogo kwa shotigani.

Kilichofanikiwa ni mwelekeo. Nguvu ilitoka nyuma kuja mbele, hivyo kila kitu kilirukia upande wa kamera, na chanzo kikafichwa na mwili wa sanamu yenyewe. Halafu kuna mchanganyiko wa vitu: plasta huvunjika vipande, jelatini huchanika, nyuzi hubaki zikining'inia. Kichwa kilichojazwa kitu kimoja hupasuka kama puto la maji, na jicho hugundua mara moja.

Tunaweza kuiga mbinu ile?

Ya bunduki, hapana kabisa. Hata risasi baridi hutoa gesi na vipande vyenye uwezo wa kuua kwa karibu. Baruti vilevile si kazi ya mtu asiye na kibali na mafunzo.

Njia ya salama ni kuivuta sanamu ichanike. Mwaga ngozi ya jelatini kwenye kalibu ya uso ikiwa na unene wa milimita 5 hadi 8. Mchanganyiko wa kawaida kwa uzito ni gramu 100 za glisirini, gramu 100 za sorbitoli ya maji, gramu 30 za jelatini na gramu 10 za maji. Changanya ukiwa baridi, acha nusu saa jelatini inywe, kisha yeyusha kwa moto wa maji au maikrowevu kwa sekunde 10 kila mara. Usichemshe. Ikichemka inajaa mapovu na inakatika hovyo. Ukikosa sorbitoli tumia glisirini tupu na maji gramu 25 hivi, lakini vipande hivyo husinyaa maji yanapokauka, kwa hiyo vifunge kwenye plastiki na uvitumie siku ileile.

Ngozi ikishaganda, ichanje kwa ndani mistari minne hadi mitano, ukipita theluthi mbili ya unene. Kila kipande kifungie mshipi wa nailoni kwa nyuma, na uelekeze mishipi pande tofauti nje ya fremu. Jaza ndani sponji iliyolowa damu bandia, nyuzi za pamba na vipande vya nta. Watu wanne wanavuta kwa hesabu moja, kwa kishindo. Mmoja akichelewa, kichwa kinaegemea upande mmoja kabla ya kuchanika na picha inaharibika, kwa hiyo fanyeni mazoezi ya kuvuta matambara kwanza.

Joto ndilo adui wa jelatini. Chini ya taa kali, au mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, huanza kulegea na rangi kuteleza. Iweke kwenye kisanduku cha barafu hadi dakika ya mwisho.

Tupige kwa fremu ngapi?

Mvuto huo kwa kasi ya kawaida huonekana dhaifu. Ukipiga fremu 100 kwa sekunde na kucheza 25, unapata mwendo wa polepole mara nne, na hiyo yatosha. Tunapendekeza 100 badala ya 120 kwa sababu umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 120 chini ya taa hizo, picha itawaka na kuzimika. Kumbuka pia kila fremu inapata karibu robo tu ya mwanga wa kawaida, basi ongeza taa mara nne au fanyia kazi nje juani.

Mishipa inayovimba kwenye pambano la mwisho ilifanywaje?

Kwa vibofu: mifuko midogo myembamba iliyobandikwa mwilini mwa mwigizaji, ikafunikwa ngozi bandia, na mipira ya hewa ikafichwa hadi nje ya picha ambako mtu anapuliza. Ni mbinu ya zamani na mpaka leo ni bora kuliko madoido ya kompyuta ya bei rahisi, kwa sababu mwanga unaoangukia uvimbe ni mwanga wa kweli.

Kibofu cha mshipa wa paji la uso kiwe na upana wa sentimita 1 na urefu wa 5 au 6. Kata vipande viwili vya mpira mwembamba (kondomu isiyo na mafuta inafaa), paka gundi ya mpira pembeni tu, nyunyiza poda ya talki katikati visigandane, na ingiza ncha ya mpira wa dripu kabla ya kufunga. Zungushia uzi pale mpira unapoingia, maana uvujaji karibu wote huanzia hapo. Kijaribu ndani ya bakuli la maji. Povu litakuonyesha tundu. Bandika kwa gundi ya vipodozi, funika kwa tabaka la lateksi lililokondeshwa kingoni, paka rangi, pitisha mpira nyuma ya sikio hadi ndani ya kola. Upande wa pili weka bomba la sindano la mililita 60 bila sindano.

Mililita 10 hadi 15 za hewa zinatosha. Kosa la kawaida ni kusukuma zote kwa mkupuo, na mshipa unageuka kipovu. Sukuma kwa midundo inayoongezeka, vuta kidogo katikati, sukuma tena, ili uvimbe ufuate pumzi ya mwigizaji. Mpime mwigizaji mzio wa lateksi siku moja kabla kwa kumpaka kidogo ndani ya kiwiko. Akiwashwa, acha.

Damu bandia nzuri inachanganywaje?

Fomula ya Dick Smith, ambayo wengi bado wanaifuata, ni takriban hivi: sirapu nyeupe ya mahindi karibu lita moja, kijiko kimoja cha chai cha methylparaben ili isiharibike, mililita 60 za rangi nyekundu ya chakula, vijiko vitano vya chai vya rangi ya manjano, na mililita 60 za Photo-Flo, kimiminika cha kusuuzia filamu za picha kinachoifanya damu isambae vizuri kwenye ngozi na kitambaa. Photo-Flo ni sumu. Damu hiyo isiingie mdomoni wala machoni.

Kwa damu ya puani au mdomoni, tengeneza nyingine: glukosi ya maji kutoka maduka ya vifaa vya keki, iliyolainishwa kwa maji, rangi nyekundu ya chakula, tone la manjano, na kakao kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Manjano na kakao ndivyo vinavyoiondolea ile rangi ya waridi inayojitokeza kwenye kamera. Methylparaben usipokuwa nayo, hifadhi kwenye friji na umwage baada ya siku mbili au tatu.

Vitu vinavyoruka au kusogea vyenyewe?

Mshipi wa kuvulia wa milimita 0.15 hadi 0.20 unabeba kikombe, kalamu au karatasi bila shida. Kinachousaliti ni mng'ao, kwa hiyo taa itoke ubavuni au nyuma ya kamera kwa pembe, usuli uwe na michoro au giza, na mshipi upakwe kalamu nyeusi isiyong'aa. Vuta kutoka juu au kutoka nyuma ya kitu, kamwe usivute ukikatiza mbele ya uso wa mwigizaji.

Njia nyingine ni kugeuza mkanda: mwigizaji anaangusha kitu, kisha kwenye uhariri unaicheza nyuma-mbele na kitu kinamrukia mkononi. Ondoa moshi, maji na nguo zinazopepea kwenye fremu, na mwambie asipepese macho, maana ukope unaofunguka kinyume huonekana.

Mwigizaji afanye nini usoni?

Afanye kidogo kuliko anavyodhani. Anayeshambulia asikaze kila kitu kwa pamoja. Achague sehemu moja (taya, shingo, au kona ya mdomo) na aiongeze taratibu kwa sekunde 15 hadi 20. Mtazame Ironside kwenye onyesho la kichwa: kwanza anatazama mbele kama mtu anayesikiliza, kisha shingo inaanza kazi. Anayeshambuliwa ndiye abebe uzito, kwa mpangilio: anachanganyikiwa, anakataa, mikono inashika meza, pumzi inakatika. Akianza kwa kupiga kelele hana pa kupanda.

Kamera ibadilishane kati ya nyuso mbili, kila mara karibu kidogo na kila kipande kifupi kidogo. Wapige wote wawili kwa lenzi moja na umbali mmoja. Ukiwapiga kwa lenzi tofauti, mtazamaji haoni kwamba akili mbili zimeunganishwa.

Na sauti?

Zima sauti ya pambano la mwisho uone linavyopungua. Shore alichanganya okestra na sauti za kielektroniki, na kuskani kukapata mvumo wake ambao sikio linautambua kabla picha haijaonyesha lolote.

Kwa kazi ndogo, weka tabaka tatu: mvumo mzito wa hezi 50 hivi, mwenzake wa hezi 200 hadi 400, na filimbi nyembamba karibu hezi 3,000, eneo ambalo sikio la binadamu ni kali zaidi. Tabaka la katikati usiliruke, kwa sababu spika ya simu haiwezi kutoa hezi 50, na watazamaji wako wengi watatazama kwenye simu. Pandisha zote pole kwa pole, kisha zikate nusu sekunde kabla ya pigo. Ukimya ule mfupi ndio unaowashtua watu.

Mwisho una maana gani? (Onyo: unafichua hadithi)

Revok anafichua kwamba yeye na Cameron ni ndugu, wana wa Dkt. Ruth, waliopata nguvu kwa sababu mama yao alipewa Ephemerol akiwa mjamzito. Revok anataka dawa isambazwe kwa wajawazito wengine ili jeshi la skana lizaliwe. Cameron anakataa, wanapigana kwa akili, mwili wa Cameron unaungua. Kim anapoingia anakuta mabaki yaliyoungua na mtu mwenye umbo la Revok, ila macho na sauti ni vya Cameron. Mtu huyo anamwambia Kim wameshinda.

Usomaji ulio wazi zaidi ni kwamba Cameron amehamia kwenye mwili wa kaka yake. Wengine huamini Revok anajifanya, au wawili hao wamekuwa mtu mmoja. Sisi tunashikilia wa kwanza, kwa kuwa filamu imetuonyesha mara mbili, kwa kompyuta na kwa mwili, kwamba skana anaweza kuingia kwenye mfumo mwingine bila kufa. Lakini neno "tumeshinda" linatoka kinywani mwa Revok, na Cronenberg hakuliweka pale kwa bahati mbaya.

Kuna mwendelezo?

Scanners II: The New Order (1991), Scanners III: The Takeover (1992), Scanner Cop (1994) na ya pili yake (1995). Cronenberg hakuongoza hata moja. Ukiwa na muda wa moja tu, chukua Scanner Cop, ya polisi aliye skana, ambayo haijidai kuwa zaidi ya ilivyo.

Inafaa kwa watoto?

Hapana. Nchini Marekani ilipewa daraja la R (aliye chini ya miaka 17 sharti awe na mtu mzima). Mbali na kichwa, kuna watu wanaojiua kwa risasi, na pia kuna sindano na moto.

Damu bandia inatokaje kwenye nguo?

Maji baridi mara moja, kabla haijakauka, kisha sabuni ya maji ya vyombo ukisugua kutoka nyuma ya kitambaa. Maji ya moto hukaza rangi. Pamba nyeupe mara nyingi hubaki na waridi hata ufanyeje, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye upindo, na kwa kila mwigizaji atakayemwagikiwa nunua mashati matatu yanayofanana: la mazoezi, la kupigia picha, na la kurudia.